Wazee wa Filamu na Kamera Kubwa za Kisasa

Ukizungumza na wapiga picha wa zamani wa Morogoro, wale waliojifunzia kazi katika chumba cha giza na wakaishi kwa mkanda wa picha 36, utawakuta hawana mengi mema ya kusema juu ya zile kamera kubwa za kidijitali zinazoning'inia vifuani mwa wapiga picha wa siku hizi. Wapo wanaoziita mitambo. Wapo wanaozifananisha na bunduki, na kwa kuwa huko milimani, upande wa Mgeta, kipo kijiji kinachoitwa Bunduki, mzaha hauishi. Vijana nao huwacheka. Husema kwamba mzee aliyekimbiwa na soko hakosi neno la kulilaumu soko.

Safu hii inaona kwamba vijana wamefanya haraka kucheka. Ndani ya manung'uniko ya wazee hawa mna hoja moja nzito inayozihusu Serikali zetu zote mbili, ya Muungano na ya Mapinduzi. Mna pia kosa moja, ambalo lisiposahihishwa hoja yenyewe itakufa pamoja na wenye kuitoa. Tunayaandika haya katika gazeti linalosomwa zaidi Visiwani kwa sababu yanayoikabili Morogoro leo yanaikabili pia Unguja na Pemba, na pengine kwa ukali zaidi.

Kwanza ieleweke ni kamera gani inayosemwa. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani alitengeneza kamera ya kwanza iliyobebeka mikononi isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ikipiga picha nyeusi na nyeupe zenye nukta 10,000 tu, na kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Mwaka 1991 Kodak hiyo hiyo ilianza kuuza kamera ya kidijitali kwa waandishi wa habari, iliyoundwa juu ya kiunzi cha Nikon F3. Mwaka 1999 ikaja Nikon D1, mwaka 2001 Canon EOS-1D, na tangu hapo magazeti ya dunia yakaanza kuiaga filamu. Kodak, iliyokizaa kitoto hiki, ilijikuta mwezi Januari 2012 ikiomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika.

Kamera za ukoo huo ndizo wazee wanazozisema. Si simu za mkononi, wala si vikamera vya mfukoni. Ni zile pana zenye mshikio wa pili chini, ili mpigaji aweze kuisimamisha picha wima bila kupinda mkono. Canon EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ina uzito unaokaribia kilo moja na nusu kabla ya kutiwa lenzi, na hupiga picha 16 kwa sekunde moja. Nikon D6 ya mwaka huo huo ilitolewa kwa bei ya dola 6,500 za Marekani, bila lenzi. Kamera ya filamu aina ya Nikon FM2, ambayo wengi wa wazee hawa waliitamani na wachache wakaipata, ilikuwa na uzito wa gramu 540, na kama betri yake imekufa iliendelea kupiga, kwa kuwa betri ilikuwa ya kupimia mwanga tu.

Basi lalamiko la kwanza ni la uzito, na halitushughulishi sana. Ni kweli kwamba kutoka Morogoro mjini hadi kilele cha Lupanga mtu hupanda kutoka mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,100, katika njia ambazo mvua huzifanya utelezi, na kila gramu huhesabiwa na bega. Ni kweli pia kwamba huko juu hakuna pa kuchajia betri. Lakini akina mama wa Mgeta huteremsha makapu ya kabichi na karoti kwa njia hizo hizo, wakarudi kwao siku iyo hiyo, na hatujasikia safu ya gazeti ikiandikwa juu ya mabega yao. Kijana mwenye afya anaweza kubeba kilo tatu za kamera na lenzi.

Lalamiko la pili ni la wingi wa picha, na hili lina uzito zaidi. Picha 16 kwa sekunde maana yake ni kwamba mkanda mzima wa filamu, ambao zamani ulimtosha mpiga picha harusi ya wastani, ungekwisha kwa sekunde mbili na kitu. Wazee walifundishwa na uhaba. Wasomaji wa umri wetu watakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, sabuni na sukari vikipangiwa foleni. Filamu, ambayo haikutengenezwa nchini, haikuwa na sababu ya kuja mapema kuliko sukari. Mpiga picha aliyepata mkanda mmoja aliugawa kama mama anavyogawa kitoweo. Alimpanga mteja, akamtengeneza kola, akamwambia avute pumzi, akasubiri, halafu akabofya mara moja. Ikiwa mteja alifumba macho, hasara ilikuwa ya studio.

Uhaba huo ulizaa ustadi, na hapa inafaa tukae kidogo. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera, iwe ya filamu au ya kidijitali, hakijui kinatazama nini. Kwa kawaida hukisia kwamba kilicho mbele yake kina rangi ya wastani, kijivu cha katikati. Mweke mbele yake bwana harusi mwenye uso mweusi, amevaa kanzu nyeupe, pembeni yake bibi harusi wa shela jeupe. Kipimo kitaona weupe mwingi, kitapunguza mwanga, na nyuso za maharusi zitatoka kama zimepakwa masizi. Isitoshe, filamu za rangi zilizokuja kwetu zilisawazishwa huko zilikotoka kwa kutumia picha za wanawake weupe. Kadi hizo za kusawazishia rangi ziliitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi hazikuwa na uso wa Mwafrika. Mpiga picha wa Morogoro alijua hayo bila ya kusomeshwa. Aliipima sura, akaiacha nguo. Akalifungua tundu la lenzi hatua moja zaidi. Na katika chumba cha giza akaukinga kwa kiganja mwanga usizidi usoni huku akiuruhusu uichome kanzu mpaka mikunjo yake ionekane. Tazama picha za studio za miaka ya 1960 na 1970 zilizomo katika fremu za majumbani mwetu, uone jinsi weusi wa ngozi ulivyo na vivuli na mng'ao wake. Mtu alikaa akafikiri.

Kamera kubwa ya leo hupima uso peke yake na husamehe makosa mengi. Mwenye kuijua ataitumia vizuri kama mzee alivyoitumia ya kwake. Lakini asiyeijua naye hupata picha inayopita, na kwa sababu hiyo hana haja ya kuijua. Wazee wakisema kwamba kamera imekuwa hodari kuliko mwenye kuishika, hawakukosea.

Lipo na lalamiko la tatu, la adabu. Njia ya kwenda Kinole au Tegetero hupita katikati ya migomba na nyua za watu. Mtu aliyekuwa na kamera ndogo ya filamu alilazimika kusogea karibu, na ukisogea karibu na Mluguru huwezi kupita bila salamu, na salamu huko si neno moja. Mpaka wamalizane habari za nyumbani na za shamba, mpigwa picha amekwisha kuamua kama anataka au hataki. Kamera kubwa yenye lenzi ndefu kama mchi huweza kuichukua sura ya mtu kutoka ng'ambo ya korongo, naye asijue. Na akiiona, basi anajiuliza: huyu ni mwandishi wa habari? Ni bwana msitu? Ni mtu wa kupima ardhi? Tusisahau kwamba mwezi Julai 1955, pale Matombo, watu waliandamana kupinga amri ya wakoloni ya kuchimba matuta milimani, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Watu wa milima hii wana sababu za kihistoria za kumtazama mara mbili mgeni aliyekuja na vyombo vya kupimia. Hata hivyo, adabu imo katika mtu, na mtu asiye na adabu alikuwapo hata wakati wa filamu.

Sasa tufike kwenye hoja ambayo safu hii inaichukua kuwa ndiyo yenyewe.

Katika studio ya filamu, mteja alipokwenda zake na picha yake, kitu kilibaki. Ilibaki negativu. Ilikatwa vipande vya picha sita sita, ikatiwa katika bahasha, bahasha ikaandikwa namba, na namba ikaandikwa katika daftari pamoja na jina na tarehe. Daftari likawekwa rafuni. Aliyeipoteza picha ya marehemu baba yake aliweza kurudi baada ya miaka kumi, akataja mwaka na jina, akasafishiwa nyingine. Hapakuwa na amri ya Serikali iliyowaagiza wafanye hivyo. Walifanya kwa sababu ya biashara: negativu ilikuwa mtaji. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na wao, kwa ajili ya biashara yao tu, waliutunzia mji mzima daftari.

Fikiri ni nini kimo katika masanduku hayo. Wamo wanafunzi wa skuli za Morogoro wa miaka ya uhuru. Wamo wafanyakazi wa mashamba ya katani waliopiga picha za vitambulisho. Wamo wakimbizi wa Afrika Kusini waliokaa Mazimbu tangu mwisho wa miaka ya 1970, pale chama cha ANC kilipojenga chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, mpaka mwaka 1992 kilipokabidhiwa kwa Serikali yetu. Imo Morogoro ya mwezi Aprili 1984, mwezi ambao Ndugu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia kwa ajali ya gari katika mkoa huo. Na limo soko kuu la zamani, ambalo lilivunjwa na mahali pake likajengwa Soko Kuu la Chifu Kingalu lililofunguliwa mwezi Februari 2021. Mtoto wa miaka minane leo hajui soko la zamani lilikuwaje. Atalijua katika picha, ikiwa picha itakuwapo.

Linganisha na harusi iliyopigwa mwezi uliopita kwa kamera ya dola elfu kadhaa. Picha elfu mbili zilijaa kadi moja. Mia moja zilichaguliwa, zikasafirishwa kwa simu, bwana na bibi harusi wakafurahi. Kazi ya Jumamosi iliyofuata ilihitaji kadi, nayo ikafutwa. Zile mia moja zimo katika simu mbili; simu moja itaibiwa kituo cha mabasi cha Msamvu, ya pili itaangukia katika ndoo ya maji. Pengine zimo pia katika diski ya mpiga picha, ambayo siku moja itagoma kuzunguka. Kwa hiyo upo uwezekano, na hili si jambo la kuchekesha, kwamba wajukuu zetu watauona mji wa Morogoro wa mwaka 1975 kwa uwazi zaidi kuliko wa mwaka 2015, ingawa mwaka 2015 zilipigwa picha nyingi mara nyingi zaidi.

Maafisa wanaosoma safu hii watauliza: hiyo ni faida gani kwa Taifa, mbali na kumbukumbu za harusi? Jibu limo katika milima yenyewe. Uluguru ni chanzo cha mto Ruvu, na mto Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kwa muda mrefu watu walibishana kama misitu ya milima hii inapungua, na kwa kiasi gani. Ubishi ulipungua pale wataalamu walipozirudia picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955, wakazilinganisha na picha za karibu na mwaka 2000. Msitu wa asili uliokuwa na kilomita za mraba zipatazo 300 ulikuwa umebaki kama 230 hivi. Mwaka 2008 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa rasmi. Zile picha za mwaka 1955 zilikuwa filamu. Aliyezipiga hakujua kwamba anahesabu miti ya mwaka 2000. Alifanya kazi yake, na mtu mwingine akaitunza. Kama zingetupwa, leo tungekuwa tunabishana bado.

Haya yote yanaipa nguvu hoja ya wazee. Lakini tulisema wana kosa, na haki inatutaka tulitaje.

Kosa lao ni kudhani kwamba negativu, kwa kuwa inashikika, itadumu. Haidumu. Filamu nyingi zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa katika joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu kali ya siki. Anayefungua sanduku na kunusa siki ajue kwamba filamu imo njiani kwenda. Itajikunja, itapasuka, na utando wenye picha utabanduka. Kuvu nalo hula ule utando wa jelatini, likaacha alama kama mizizi juu ya nyuso za watu. Mchwa hauchagui. Na hatari kubwa kuliko zote ni mirathi: mzee anafariki, chumba cha studio kinatakiwa na mwenye nyumba, watoto wake wanafanya kazi nyingine, na masanduku yanatolewa nje. Filamu haioti mchicha; inachomwa moto.

Hapo ndipo ile kamera kubwa wanayoichukia inapoingia. Chombo kinachofaa sana kuziokoa negativu hizo ni hicho hicho. Kihisi cha kamera kubwa za leo kina upana wa milimita 36 kwa 24, sawasawa na picha moja ya mkanda wa filamu wa kawaida. Weka negativu juu ya kioo kilichowashwa taa chini yake, ielekeze kamera chini, imefungwa imara katika stendi, na lenzi ya kupigia vitu vidogo, bofya. Kompyuta itageuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi. Watu wawili wenye subira, mmoja akipanga na mmoja akibofya, wanaweza kunakili mikanda kadhaa kwa siku. Ule uzito unaolalamikiwa milimani, juu ya meza ni sifa. Na ule wingi wa nukta ambao mpiga picha wa harusi hauhitaji, hapa ndio unaotakiwa, kwa sababu huonyesha mpaka maandishi ya kibao cha duka lililoko nyuma ya mtu aliyepigwa picha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee wa filamu wamemfungia mlango mgeni aliyekuja na dawa.

Jambo hili si ndoto. Huko Mbouda nchini Kameruni, negativu za studio ya mpiga picha Jacques Touselle, maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa picha za vitambulisho, zilinakiliwa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mpango huo huo ulisaidia kunakili kwa kamera hati za kale za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Hili la kubaki ni muhimu sana.

Kwani tunao mfano wa upande wa pili. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka nchi hii na kamera yake ya vioo, akapiga picha za pwani, za reli, za Morogoro na milima yake. Vioo hivyo leo ni mali ya Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani. Nyaraka za ANC zilizokuwa Mazimbu nazo zilikwenda kwao, katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, na hapo hatuna la kulalamika kwani ni haki yao. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu wa Morogoro anayetaka kuona mji wake ulivyokuwa anategemea hisani ya mbali. Picha za Dobbertin zilimrudia mwananchi wa kawaida lini? Mwezi Desemba 2008, pale hifadhi hiyo ya Ujerumani ilipotoa nakala za kidijitali za picha zaidi ya 80,000 ziwekwe wazi kwenye intaneti, za Dobbertin zikiwamo. Kwa maneno mengine, ni udijitali uliomrudishia Mluguru mlima wa babu yake. Wazee wa filamu wangelitafakari hilo.

Sasa tugeukie kwetu Visiwani, tusije tukaonekana tunaona kibanzi cha Bara tu. Unguja ilijua kamera mapema kuliko karibu sehemu zote za Afrika Mashariki. A. C. Gomes alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na ndugu wa Coutinho baada yake. Mwaka 1930 Ranchhod T. Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mtalii alizinunua picha hizo kuwa zawadi. Sisi tulipita mlangoni tukienda sokoni. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jengo la Maajabu, Beit al Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Fundi anayetaka kujua varanda ilikuwa na nguzo ngapi, na nakshi za mlango zilikwenda vipi, aulize nani kama si picha? Na jengo hilo lilikuwa na bahati ya kuwa maarufu. Ni nyumba ngapi za Mkunazini na Malindi, ni madau mangapi ya Nungwi, ni mitaa mingapi ya Wete na Chake Chake ambayo ushahidi wake pekee ni bahasha moja katika sanduku la mpiga picha wa mtaani ambaye hakuna mtalii aliyemfahamu?

Tunapendekeza basi, na tunapendekeza waziwazi, kwamba Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kwa upande wa Bara, na Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu kwa upande wa Zanzibar, zianze na jambo dogo kabisa: kuhesabu. Nani ana negativu, ngapi, za miaka gani, ziko katika hali gani. Morogoro ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji si mkubwa, wapiga picha wakongwe wanajuana, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina maktaba ya taifa ya kilimo ambayo inaweza kuzipa nakala makao. Afisa wa Zanzibar atakayetaka kwenda kujionea akishavuka kwa boti hana safari ndefu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na hatafika amechoka.

Isifanyike kwa kunyang'anya. Negativu ni mali ya mtu, na kwa wengi ndiyo mali pekee iliyobaki ya maisha ya kazi. Afisa atakayefika na barua yenye mhuri na gari la kubebea masanduku atakuta masanduku hayapo, nasi tutamcheka. Inakiliwe pale pale, mwenyewe akiwapo, abaki na asili yake, na alipwe kwa siku zake. Aidha, nyuso hizi ni za watu, na wengi wao wako hai. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ingawa haikutungwa kwa ajili ya studio za zamani, ni vyema tangu mwanzo ikaamuliwa picha ipi iwe wazi kwa kila mtu na ipi isubiri idhini ya ukoo.

Na mwenyewe kuwapo kuna sababu kubwa kuliko ya malipo. Kamera ya dola 6,500 itaona nukta zote za uso wa mtu lakini haitajua ni nani. Daftari lina jina na namba. Lililobaki limo kichwani mwa mzee: kwamba huyu alikuwa mwalimu Kigurunyembe, kwamba hawa ndugu walipiga picha hii kwa sababu mmoja alikuwa anasafiri, kwamba kile kiti ni cha studio na lile koti pia ni la studio, likivaliwa kwa zamu na kila kijana aliyetaka kuonekana ameajiriwa. Kijana akae na kamera, mzee akae na daftari, na kinasa sauti kiwe katikati. Wazee wa aina hii si wengi na hawaongezeki.

Kuhusu gharama, tunajua jibu litakalotolewa, kwamba fungu halipo. Lakini kamera hizo kubwa tayari zimo katika ofisi za Serikali, Bara na Visiwani. Huonekana siku za sherehe, ziko nne au tano zimempanga Mheshimiwa mmoja anayekata utepe, kisha hurudi kabatini. Mojawapo ikiazimwa miezi mitatu, pamoja na kioo chenye taa na diski tatu za kuhifadhia, moja ikae Morogoro, moja Dar es Salaam na moja Unguja, kazi ya studio ya kwanza inaweza kuanza kabla ya masika yajayo.